Kalibu za Asumini

Mji wa Kale,
Mombasa.
9 Februari 2025

Mpendwa ndugu yangu Mbodze,

Assalamu alaikum. U mzima huko Maskati? Kile kikohozi chako kimepoa? Sisi huku hatujambo, alhamdulillahi. Mamako presha yake imetulia, na jana alikwenda kwa miguu mpaka Makadara kununua mbaazi, akarudi analalamikia tuktuk zilizojaa njia nzima. Kila akiswali anakutaja.

Joto la mwaka huu sikwambii. Tunalala madirisha wazi na bado shuka zinarowa.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia, nawe ungenikatiza. Nataka unisome mpaka mwisho.

Unajua tangu nilipoachika nikarudi hapa kwa kaka Mung'aro, nimekuwa nikitafuta kitu kimoja cha kuita changu. Nikakipata kwenye sabuni ya chumvi. Ukiipika kwa mafuta ya nazi na chumvi ya kusaga inatoka nyeupe na ngumu, na povu lake ni laini. Cynthia, msimamizi wa ile nyumba ya wageni ya hapa mtaani, aliijaribu akaipenda. Akaniambia nimtengenezee za vyumba vyote, na zikimridhisha atakuwa akichukua kwangu siku zote. Nilikupigia siku ile ile, tukacheka mpaka simu ikakatika.

Unakumbuka nilikuambia nataka kalibu za kumiminia sabuni za namna gani? Za ua la asumini lililofunguka, kama yale maua bibi aliyokuwa akitutungia vikuba. Sikumwambia mtu mwingine. Niliona haya, mtu hana hata sufuria ya pili anawaza maua. Ukanijibu kwamba huko hazipo, umezitafuta mpaka umechoka.

Basi nikamuuliza wifi Swabaha, mke wa kaka, kwa kuwa yeye alijifunza sabuni kabla yangu. Akanishauri nimimine yote kwenye sanduku refu la mbao, iachwe ilale mpaka asubuhi, ndipo niikate kama mche wa dukani. Nikaona ndivyo, kwani sote tumekua tukiona sabuni ni mche na kisu. Asubuhi kisu kilipogusa tu, ikapasuka mabonge mabonge. Sabuni ya chumvi hukauka upesi, Mbodze. Ama uikate ingali na joto, ama uimimine kwenye kalibu ndogo ndogo, kila sabuni na yake. Mimi nimeyajua hayo sasa, Swabaha aliyajua siku zote. Alisimama mlangoni akanitazama nikiokota vipande, akasema pole wifi.

Nikaenda kwa Cynthia kuomba radhi. Alinionea huruma, kisha akanionyesha sabuni alizoletewa na Swabaha juzi yake. Nyeupe, za chumvi, na kila moja ni ua la asumini. Akaniambia wifi yako ana mkono mzuri. Nikaomba kiti.

Hapo ndipo nilipolikumbuka lile boksi ulilolituma. Si ulinipigia ukaniomba nikalichukue kwa wakala wa mizigo kule Kilindini? Lilikuwa na jina la Swabaha, ukasema ni nguo za watoto. Nikalipakata kwenye tuktuk njia nzima lisigongwe, nikamkabidhi bila kulifungua, maana kitu cha mtu ni amana. Kalibu zangu nilimpelekea mimi mwenyewe kwa mikono yangu.

Nimejaribu kukutetea, Wallahi nimejaribu. Nimejiambia labda ulidhani tunafanya kazi pamoja, maana jiko letu ni moja. Sasa nguo za watoto zilitoka wapi? Swabaha simshangai sana, tumekutana ukubwani. Wewe tumelala kitanda kimoja tangu hatujaota meno ya pili. Kama nilikukosea, ungeniambia. Umeniumiza, na sitaki kujifanya hukuniumiza.

Sabuni sijaiacha. Namimina kwenye vikombe vya mtindi, vile vya plastiki laini, ambavyo jirani yetu Kate ananiwekea. Sabuni ikishakaza unakibinya kikombe, inatoka nzima. Cynthia amesema ataziangalia, ila hakuniahidi kitu.

Mamako hajui lolote na sitamwambia. Anakusalimu sana, na anauliza utakuja lini. Kaka Mung'aro naye anakusalimu. Watoto wanakusalimu pia, na nguo hawakuziona.

Mwenyezi Mungu akuhifadhi huko ugenini na akurudishe salama. Dua hiyo naiomba kwa moyo wangu wote, hata leo.

Nakutumia sabuni moja kwa mkono wa Nyevu, anayesafiri kuja huko Jumapili ijayo. Haina ua. Iogee, kisha uniandikie ulikuwa ukiniwaza vipi ulipokuwa unalifunga lile boksi.

Ni mimi ndugu yako, ninayetaka bado kukupenda,

Mwanarusi