Ndala ya Baba Kwenye Korido

Mwaka mzima umepita, Mama, tangu ulipotundika koti lako jeupe nyuma ya mlango, ukasema unajinyoosha kidogo, na moyo wako ukasimama. Koti bado liko pale. Tunalifua kila Jumamosi, na ukitaka kutucheka, tucheke tu.

Ulikuwa mnyoosha migongo, na watu walikuja kwako wameinama kama wanatafuta sindano sakafuni. Hukumlaza mtu kitandani kabla hajatembea korido nzima, nawe umesimama mlangoni kimya, macho kwenye miguu yake. Kisha maswali matatu: mguu una ganzi? Ukikaa, unakihisi kiti? Haja ndogo inatoka vizuri? Jibu moja likikutia shaka, hospitali moja kwa moja, hata awe bwana mkubwa wa namna gani. Wengi walinuna.

Sisi ulitufundisha kwa mbao na sponji ulizomwibia Baba kwenye karakana yake ya makochi, ukuta mmoja na chumba chako cha kazi. Mbao ndizo pingili za mgongo, sponji ndiyo diski. Ulizibana, sponji ikatokeza pembeni na kukandamiza uzi, ukasema uzi huo ndio mshipa wa fahamu. "Diski nyingi hutulia kwa mazoezi na subira," ulisema, "lakini kuna mgongo ambao mikono yangu itauharibu. Huo siugusi."

Sasa sikia aliyoyafanya mumeo. Miezi minne baada ya wewe kutuacha, alinyanyua kochi la watu watatu peke yake, kwa ubishi wake ule ule. Akajikaza siku tatu. Ya nne akaja chumbani kwako, akaniambia mimi, kifungua mimba wako niliyerithi kitanda chako cha kunyooshea, nimnyooshe haraka, ana kazi ya watu. Nikamuuliza maswali. Ganzi hana, kiti anakihisi, haja ndogo haina shida. Mama, miaka thelathini amekuwa akiyasikia maswali hayo kupitia ukutani! Majibu yote alikuwa nayo.

Mikono iliniwasha kumsaidia. Ni baba yangu, na alikuwa analia. Lakini nilimwambia atembee kwanza. Akanifokea kwamba sina huruma, akatembea. Katikati ya korido ndala ya kushoto ikamchomoka, naye akaendelea mpaka mwisho hana habari.

"Baba, ndala yako iko wapi?"

Akatazama mguu wake. Ndipo akasema ukweli: mguu una ganzi, na hajapata haja ndogo tangu jana.

Alipasuliwa jioni ile ile. Daktari alisema tungechelewa kidogo, au ningemnyoosha, huenda asingetembea tena. Nilikaa kwenye benchi la hospitali nikakulilia upya, safari hii kwa shukrani.

Anatembea, Mama. Anachechemea kidogo, na ubishi haujapona. Chumba chako hatukifungi, na utaratibu wako haulegezwi, aje nani. Kila asubuhi Baba ndiye anayesimama mlangoni kuwatembeza wagonjwa. Anayenung'unika huonyeshwa ndala moja, iliyotundikwa ukutani kwa msumari wa makochi.

Tunaokuwaza kila siku ni mumeo fundi makochi, mimi kifungua mimba wako, mdogo wangu mwalimu na mkewe, dada yako mshonaji, na wajukuu zako wanne wanaocheza na mbao zako.

Hatujakusahau, hatutakusahau, na korido yako kila mtu ataitembea.