Ulimi wa Baba

Jumatatu, 8 Juni

Hii sijawahi kuambia mtu. Baba yangu hasikii ladha. Wala harufu. Ni mpishi, ana hoteli ndogo ya chakula hapa mtaani Gatwekera, watu wanatoka mpaka Soweto East kuja kula maharagwe yake, haya tunayoita madondo, na ulimi wake umekufa.

Nilijua mwezi wa pili. Alikuwa ametoka kwa ile homa iliyomlaza. Mama alipika chai na maziwa yaliyokuwa yameharibika bila kujua. Mimi nilitema. Baba alimaliza kikombe akasema, "Chai tamu leo." Nikamwangalia. Akaniangalia. Basi.

Tangu hapo ananiita kila asubuhi kabla niende shule. "Achi, hebu onja." Nasema chumvi kidogo, anaongeza. Nasema iko sawa, anafunika. Hajaniambia kwa nini na mimi sijamuuliza. Hata Mama hajui. Anadhani Baba ananidekeza.

Leo nimeonja supu ya matumbo. Pilipili ilikuwa imezidi. Nimefika shule paredi imeisha.

Naogopa kupata mafua.

Jumatano, 10 Juni

Mama Mwikali, yule wa kusukuma chapati, amenikuta na mwiko mdomoni. "Wewe msichana, ukila hivi kabla ya wateja utaolewa na sufuria." Watu wote kwa benchi wakacheka. Baba pia alicheka, kidogo, macho chini.

Sikumjibu. Huwa sijibu watu. Insha zangu mwalimu huzisomea darasa, ya Kiswahili na ya Kiingereza zote, lakini akiniambia nisimame nizisome mwenyewe, mdomo unajifunga. Kwa lugha zote mbili.

Jumamosi, 13 Juni

Siku ya sufuria ya watoto. Ilianza kabla nizaliwe. Mtoto yeyote akija na chombo chake Jumamosi, anakula bure. Wanakuja na sahani, vifuniko, vikombe vya bafu. Brayo wa ploti ya nyuma, ambaye hata shule hajaanza, huja na mkebe wa aiskrimu ambao hakuna anayejua aliutoa wapi. Huwa anaukumbatia kama mtu ataunyakua.

Madondo ya Jumamosi yanalala. Makaa yamepanda bei, kwa hivyo Baba huyachemsha Ijumaa jioni mpaka nusu, anafunika, anazungushia sufuria blanketi kuukuu na magunia, yanajiivia yenyewe mpaka asubuhi. Halafu anafunua na kuinamia mvuke. Pua ndiyo iliyokuwa inaamua. Yakiwa yamechacha yanamwagwa, hakuna mjadala.

Bado anainama. Nimemwona leo. Ameinama, amevuta pumzi, kisha akageuka kunitafuta.

Nikaonja. Yalikuwa mazuri.

Jumamosi ni mimi tu. Mama Mwikali ni wa Sabato, anashinda kanisani, na Mama huwa ametoka mapema kuuza omena, wale dagaa wake.

Jumatano, 17 Juni

Shangazi wa Kawangware amejifungua. Mama amesema likizo fupi ikianza kesho niende nikamsaidie mpaka Jumapili. Nikasema nina kazi ya shule. Akasema vitabu vina miguu? Si vitabebwa?

Nilikuwa na sababu moja tu, na siwezi kuitaja. Nikamwangalia Baba aiseme yeye. Alikuwa anakwaruza sufuria iliyokuwa safi.

"Enda, Achi. Huyo ni dada yangu."

Ijumaa, 19 Juni

Niko kwa shangazi, Kawangware, karibu na steji ya 56. Kelele za steji mpaka ndani ya nyumba. Nimefua nepi mpaka vidole vimekunjamana. Mtoto ni mzuri. Simpendi. Najua si makosa yake.

Jioni nimeomba simu ya shangazi. Simu yake haisikiki mpaka uweke spika, kwa hivyo yeye alisikia kila kitu, na jirani aliyeleta uji pia. Kwa Baba kulikuwa na watu wengi. Mzee mmoja wa Gatwekera amefariki, na mkutano wa matanga uko hotelini kwetu kama kawaida. Baba ndiye hutoa benchi, yeye ndiye hupika chai, yeye ndiye hutuliza wanaogombana.

Nikamuuliza kama madondo yameshazungushiwa blanketi. Akasema bado, yako hapo kando, watu wakitoka atayashughulikia.

Yanapoa. Yakizungushiwa yakiwa vuguvugu yatachacha. Mtu yeyote wa jikoni anajua.

Nikasema, "Baba, kesho, Mama Mwikali..."

"Ameenda kesha ya kanisa. Si unajua."

"Basi mtu mwingine aonje tu."

Shangazi akaangua kicheko. "Ati aonje! Huyu amezoea kula, sasa anawaonea wivu watoto wa watu."

Na mimi nikacheka. Nikacheka na wao, nikakata simu.

Jumapili, 21 Juni

Jana sikuandika. Mama alipiga simu usiku, shangazi akanificha mpaka asubuhi ndio aniambie. Nimerudi nyumbani bila hata kuoga.

Watoto wametapika. Si wote, lakini wengi. Brayo alitapika mpaka akalegea, amelazwa, amewekewa maji kwa mshipa.

Watu walikuwa wamejaa mbele ya hoteli. Baba amesimama mlangoni na aproni yake. Hakuna aliyemgusa. Ingekuwa afadhali wangempiga. Walikuwa wanamwangalia vile watu huangalia nyumba ya mtu mwingine ikiungua.

Dadake Brayo, Shiko, wa darasa la tatu, alisukumwa mbele aseme. Akasema jana waliona madondo yana uchachu, akamuuliza, "Uncle, umeweka ndimu?" Na Baba akacheka akasema eeh, ndimu kidogo.

Mama Brayo hakupiga kelele. Hiyo ndiyo mbaya. "Baba Achi, mtoto alikwambia. Alikwambia kwa mdomo wake. Ukacheka."

Mwanaume mmoja nyuma akasema ndio maana ni ya bure. Mwingine akasema hata mbwa wake hawezi kumpa. Huyo hula kwetu kila siku, hata juzi alikula.

Mama yangu alikuwa analia akisema, jitetee, sema kitu. Baba akasema, "Ni mimi nilipika. Ni mimi nilipakua."

Sentensi yangu ilikuwa tayari. Fupi. Hakujua, hasikii ladha. Nikasogea. Baba akaniona katikati ya watu wote, akatikisa kichwa. Kidogo sana. Na mdomo wangu, ambao haukuhitaji kuambiwa, ukajifunga.

Jumatatu, 22 Juni

Hakuna mteja.

Ameniita kuonja kabla niende shule. Nimeonja. Iko sawa. Hakuna wa kuila.

Jumanne, 23 Juni

Hakuna. Mama Mwikali amesukuma chapati zikakauka. Ameniuliza, sauti chini, "Achi, baba yako ni mgonjwa?" Nikasema hapana. Ameniangalia sana. Kisha akafuta meza ambayo hakuna mtu aliyeikalia.

Shuleni wameanza kunipita kwenye mstari wa chakula wakinusa sahani zao. Wanafikiri ni mchezo.

Jumatano, 24 Juni

Brayo ametoka hospitali. Nilimwona mgongoni mwa mamake, shingo nyembamba. Yuko hai. Nimelia chooni ndio nisionekane nafurahi mahali ambapo sina haki ya kufurahi.

Baba alienda kuwasalimia na mkungu wa ndizi. Amerudi nao.

Jioni tulibaki wawili jikoni. Nilimwambia nataka kusema ukweli. Ndiyo mara ya kwanza tumeitaja siri hii, na hata hivyo hatukuitaja. Nilisema tu, "Watu wajue hukufanya kusudi."

Alichochea makaa kwa muda mrefu. "Wakijua, watanisamehe," akasema. "Halafu nani atakula kwa mpishi kama huyo? Nitawalisha nini nyinyi?"

Nikinyamaza, yeye ni mtu aliyelisha watoto sumu akicheka. Nikisema, yeye si mpishi tena. Nimegeuza hii kitu pande zote kama chapati. Pande zote zinaungua.

Halafu akasema kitu kingine, kama anaongea na jiko. Kwamba anachokumbuka zaidi ni kitunguu kikianza kukaangwa. Kwamba siku zingine anakaanga tu ili asikie ile sauti.

Jumamosi, 27 Juni

Jana alichemsha madondo mpaka yakaiva kabisa. Hakuzungushia blanketi. Makaa yote yaliisha.

Asubuhi niliyaonja. Kijiko kimoja, kisha cha pili nihakikishe, kisha cha tatu. Sijawahi kuonja madondo matamu hivyo.

Tukapanga benchi nje. Saa ya watoto ikafika. Tuliwasikia upande ule mwingine wakicheza, na wakati wa kula ulipofika wakanyamaza, kila mmoja kwao.

Baba akajipakulia sahani iliyojaa. Akakaa mlangoni ambapo kila anayepita angemwona, akala. Yote. Polepole. Watu walipita. Mmoja akamwambia "niaje mzee" bila kusimama. Mimi peke yangu ndiye niliyejua anatafuna kitu ambacho kwake ni kama karatasi iliyoloweshwa.

Brayo alikuja. Alisimama mbali, mkebe wake wa aiskrimu kifuani. Hakusogea wala hakuondoka. Baba aliinua mwiko, akaushikilia hivyo. Mama Brayo aliita mara moja tu kutoka nyuma, na mtoto akageuka akaenda.

Baba akafunika sufuria.

Tulikula hayo madondo nyumbani. Mama, ambaye hajaongea vizuri wiki nzima, akasema, "Yamekolea, Baba Achi." Baba akasema eeh. Akaniangalia juu ya sahani.

Sasa Mama ameenda kuteka maji. Nimekaa nyuma ya pazia, jua linaingia kwa matundu ya mabati. Nimesoma nilichoandika kuanzia mwanzo. Ukurasa mmoja tu, nikiupeleka kwa Mama Brayo, kazi imekwisha. Sitahitaji hata kufungua mdomo. Nimeushika huo wa tarehe 8 kwa vidole viwili. Haujachanika.

Nasikia hatua kwenye kichochoro. Ni za Baba, naijua ile ndala yake ya kushoto inavyoburuta. Kijiko kinagonga kikombe anachokuja nacho. Amewasha jiko tena hotelini, ameanza supu ya kesho, na hakuna aliyeagiza.

Anakuja nionje.

Naweka daftari chini ya godoro.