Mwanafunzi Wangu wa Kwanza

Kaka mpendwa,

Nyumbani wazima. Mama goti tu linamsumbua, na ule mlango wa jikoni ulioahidi kuutengeneza bado unapiga kelele.

Nimeomba chuo, Kaka: ile stashahada ya ualimu ya wenye digrii, inayotoa na leseni ya kufundisha. Vyeti tayari. Picha nimepiga, nimekaza uso kama mwalimu mkuu. Nimekwama kwenye swali moja tu: “Eleza kuhusu mwanafunzi uliyewahi kumfundisha.” Maombi yanafungwa mwisho wa mwezi.

Unamjua huyo mwanafunzi. Mtu mzima, dereva, niliyemfundisha kusoma kwenye meza ya jikoni, nikimwandikia majina ya miji kwenye maboksi. Akaniapisha nisimwambie mtu, hata wifi. Sijamwambia mtu. Ila nikitunga mwingine, nitakuwa nimeanza ualimu kwa uongo.

Jina lako sitalitaja. Ukikataa, nitapaacha wazi, wala sitakununia. Lakini usinipigie simu, Kaka. Niandikie. Hata neno moja linatosha.

Na usisahau nukta mwishoni.

Mdogo wako,
Mwalimu wa jikoni