Mkono Nilioukataa Kwenye Harusi ya Mama Yako

Mjukuu wangu Nekesa,

Hujambo huko uliko? Hapa Langas mjomba wako amepanda sukuma wiki hadi mlangoni. Mimi nimedhoofika, ndiyo maana mwandiko umepinda.

Umeniuliza kama niliwahi kucheza dansi ya wawili, maana umeanza kujifunza na unashangaa inavyokutuliza. Nilicheza. Chuoni, tulipokuwa tukisomea ualimu, nilicheza rumba kila Jumamosi na kijana mmoja mpole. Akinishika mgongoni, miguu yangu ilijua pa kwenda kabla yangu, na mawazo yote yalinyamaza.

Nilipookoka, niliungama mbele ya ushirika wa walokole hata sukari niliyoiba utotoni. Rumba nikaificha.

Babu yako hakujua. Kwenye harusi ya mama yako, keki ilipoletwa kwa nyimbo, alininyooshea mkono.

"Mwalimu, njoo! Watoto waone wazee bado tuko!"

Niliogopa miguu yangu ingetoboa siri yangu. Nikamwambia, "Mambo hayo mimi siyajui."

Alicheka, akacheza peke yake hadi mbele. Hakuniomba tena mpaka alipofariki.

Sasa sielewi nilikuwa nalinda nini. Wokovu? Yule kijana, ambaye hata sura yake nimeisahau? Au ule utulivu, ambao sikutaka kumgawia mtu? Sijui hata kama babu yako angekasirika. Nafikiri angefurahi, na hilo ndilo linaloniumiza zaidi.

Ni mimi nyanya yako, ninayekuwaza.