Mche Mchachu

Kiranja mwenzangu, weka chini ulichoshika usome. Nimeaibika mbele ya mama mkwe.

Unaijua ile miche ya mlusina inayojiotea bustanini kwangu kana kwamba imealikwa. Asubuhi hii nimeing'oa yote, kwa kanuni yetu ya bwenini: kisichokuwa kwenye mstari ni gugu. Nikairundika kwa fahari.

Mke wangu akatoka. "Mkwaju wa baba uko wapi?"

Mkwaju wa baba! Mbegu ya mwisho ya mti wa marehemu baba mkwe, uliokatwa mwaka jana. Mama mkwe aliipanda hapo kwa mkono wake, na alikuwa njiani kuja kuutazama mche.

Miche arobaini, yote ina majani madogo madogo, yote imenyauka. Nikakumbuka kwamba jani la mkwaju huwa chachu. Nikapiga magoti, nikaanza kuonja mche mmoja mmoja. Mimi! Kutafuna magugu!

"Mkwe wangu, kwani hapa nyumbani hawakupi chakula?"

Mama mkwe alikuwa nyuma yangu. Na wakati huohuo ulimi ukashika uchachu. Nikamwonyesha mche. Mzizi umekatika nusu.

Wajua sijapata kumwomba mtu radhi tangu shuleni. Leo nimeomba, magoti yakiwa bado udongoni. "Nimeung'oa mimi, mama. Nisamehe."

Alichimba kwa vidole, akaupanda, akanisukumia ndoo tupu.

"Utaumwagilia wewe. Nitakuja kuuona."

Nimeumwagilia mara mbili tayari. Majani bado yamelala.