Ubishi Uliomweka Dereva Macho

Alhamisi, Aprili 1992. Manyunyu tangu alfajiri. Kisumu imelowa, nami nimelowa nayo.

Leo karibu niue mtu kwa haraka yangu.

Lori la samaki kutoka Port Victoria liliteleza karibu na Nyalenda likagonga mti. Dereva, Okello, alibanwa miguu chini ya stelingi. Nani alipanga watu wamvute? Mimi. Nilikuwa nimeshamkamata kwapani wazimamoto walipofika.

"Mzee, mwachie," alisema kiongozi wao, mwanamume mfupi mwenye sauti ya chini. "Ukimvuta hivyo utamvunja mgongo."

Nikaanza kubishana. Wenzake walikuwa wakisukuma magogo chini ya magurudumu ili lori lisicheze, na mmoja akifungua waya za betri. Utaratibu huo ndio nimeuita uvivu miaka yote, katika barua zangu kwa wahariri.

Kisha kiongozi akaniingiza nyuma ya kiti cha dereva. "Wewe ni mtu wa maneno. Shika kichwa chake hivi, kisitikisike, na umwongeleshe. Asilale."

Nikamuuliza Okello habari za watoto wake. Macho yake yakazidi kufumba. Basi nikamwambia mbuta anaowabeba, hao sangara wakubwa wa ziwani, hawana ladha yoyote. Samaki wa kweli ni ngege, yule perege mtamu.

Akafumbua macho. "Mzee, wewe umekula mbuta wa kupikwa na nani?"

"Na mke wangu."

"Basi usimlaumu samaki."

Wazimamoto walicheka huku wakikata nguzo ya mlango kwa msumeno wa chuma.

Tulibishana mpaka mikono yangu ikafa ganzi. Kila alipotaka kusinzia, nilimtukana mbuta upya. Jeki ya lori ikainua dashibodi kidogo kidogo, wakamtoa akiwa amelala juu ya ubao. Kiongozi alitazama vidole vya miguu ya Okello. Vilipocheza vyote, ndipo akavua kofia.

Barua niliyoandika Jumatatu kuwakashifu wazimamoto ilikuwa bado mezani. Nimeichana.

Msidhani nimelainika. Nimeanza nyingine, kali zaidi, kwa wale wanaowatuma watu kama hawa kazini na jeki moja na msumeno.

Kesho nitampelekea Okello ngege wa kukaanga hospitalini. Nataka amle mpaka miba, kisha anitazame usoni arudie ule upuuzi wake wa kumtetea mbuta.