Naiharibu Kompyuta kwa Makusudi ili Binti Yangu Anipigie

Maman Colombe wa gazeti letu, nakusalimu, na nakuomba unisome mpaka mwisho hata kama utaona aibu kwa niaba yangu, maana mimi ni mzee wa kuheshimiwa hapa Nguba, Bukavu, nimefundisha latin miaka mingi katika shule ya mapadri upande wa Katana, wanafunzi wangu wengine leo ni wakubwa na bado wakinikuta njiani wanavua kofia, na mtu kama mimi hatakiwi kuandika barua ya namna hii, lakini sina mwingine wa kumwambia, na hiyo ndiyo shida yenyewe.

Nina mtoto mmoja tu, Fabiola, aliyesomea informatique na sasa yuko Lubumbashi, anatunza kompyuta zote za kampuni moja kule. Zamani akiwa hapa nyumbani alikuwa anafanya montage, kukata na kuunganisha video za harusi, na kwa kuwa harusi za Bukavu hazina mwisho na kila familia inataka video yake kabla hata maua hayajanyauka, alijiundia kompyuta kubwa ya mezani, kisha akaingia kwenye setup, ule ukurasa wa ndani unaofunguka kabla mashine haijaamka vizuri, akapandisha mwendo wa processeur, ule ubongo wa mashine, kupita kiwango kilichowekwa na kiwanda, na mashine ikawa inakimbia. Alipoondoka aliniachia mimi ili nitengeneze rekodi za nyimbo wanazoniletea kwaya ya paroisse, parokia yetu.

Mke wangu Christine alipokuwa hai, simu ilikuwa yake. Alikaa jikoni, sauti ya Fabiola imefunguliwa kwenye haut-parleur, wanacheka, mimi napita na gazeti langu nasikia kila neno na kujifanya sisikii, na mwisho mama anasema papa anakusalimu, mimi nakohoa, basi, hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu kwa mtoto wangu kwa miaka yote hiyo, na ilinitosha. Sasa Christine hayupo. Na wewe unajua vizuri kwamba kwetu baba hapigi simu bure, simu ya baba ni ya kifo, ya ugonjwa au ya kikao cha familia. Siku moja matanga yakiwa yamekwisha na watu wote wamerudi kwao, nilijikaza nikampigia Fabiola bila sababu, nilitaka tu kusikia sauti yake, akapokea akihema, akaniuliza, "Papa, nani amekufa?" Nikamwambia hakuna. Akasema, "Uniambie tu papa, niko nimekaa." Mimi niliyefundisha hotuba za Warumi nikamuuliza kama mvua inanyesha Lubumbashi, nikakata. Nilibaki kwenye kiti na simu mkononi, na nilijiona mjinga.

Ndipo mashine ikaharibika yenyewe, mara ile ya kwanza, naapa haikuwa mimi. Umeme ulikatika ukarudi, ukakatika ukarudi, kama tulivyozoea, na nilipobonyeza kuwasha, feni zilizunguka, taa ikawaka, kioo kikabaki cheusi. Nikamwandikia Fabiola, naye akapiga papo hapo, kwa video. Akaniambia nichomoe waya, nifungue ubavu wa mashine, nitoe vipande vya mémoire na kuvirudisha kimoja kimoja, ikakataa, kisha nitoe ile pile, betri ndogo ya mviringo kama ya saa, ningoje kidogo mashine isahau mipango yake yote, niirudishe. Ikaamka. Halafu akanifundisha kuingia kwenye setup na kupandisha tena mwendo, hatua moja, tunajaribu, hatua nyingine, tunajaribu, mpaka ikasimama vizuri. Na wakati tunangoja mashine ijijaribu, Maman Colombe, tuliongea. Alinieleza juu ya jirani yake anayeimba vibaya kila asubuhi, akalalamika kwamba kule hapati sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, akaniuliza kama bado navaa lile koti la kijani ambalo mama yake alilichukia. Nililia baada ya simu, nakuambia ukweli, kwa sababu ya koti.

Mashine ikapona, na mtoto akanyamaza. Wiki zikapita. Nilikuwa naitazama ile mashine inavyofanya kazi bila kosa, na nikaanza kuichukia. Basi nikaingia kwenye setup mwenyewe, nikapandisha namba zaidi ya pale aliposema inatosha. Ikawaka, ikafungua wimbo wa kwaya, ikazimika katikati ya Sanctus. Nikamwandikia kwamba ule ugonjwa umerudi, akapiga. Tangu siku hiyo nimerudia mara ambazo sitaki kuhesabu, kila nikiona ukimya umezidi napandisha namba, na sasa nimekuwa bingwa, najua kiasi cha kuifanya izimike baada ya muda na kiasi cha kuifanya isiwake kabisa, na nikitaka mazungumzo marefu nachagua hicho cha pili.

Yeye ana subira ya mama yake. Ananiambia nielekeze simu kwenye kioo, kisha ananiomba nimsomee namba zote kwa sauti, moja moja, ingawa anaziona mwenyewe. Safari moja aliutazama ule ukurasa, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Papa, hii mashine yako iko na kichwa nguvu. Tuanze tena polepole, hatuna mbio."

Sasa mambo yamenigeukia. Mara ya mwisho nilimwandikia mchana, akatoka kwenye réunion, mkutano wa kazini, ili anipigie, na tulikaa sana kwenye simu. Aliyeniambia kilichofuata ni mpwa wangu Placide, mwenye atelier ya kutengeneza kompyuta kule Kadutu: Fabiola amepewa demande d'explication, ile barua ya kumtaka ajieleze kwa mkubwa wake kwa nini aliacha kazi, na akipewa nyingine anaweza kufukuzwa. Mwenyewe hakuniambia hata neno. Amemwomba tu Placide aje Jumamosi achukue mashine hii na kuniletea nyingine ambayo haijapandishwa chochote. Placide amefurahi kabisa, ananiambia, "Tonton, hii mupya haitakusumbua hata siku moja." Nikamshukuru, nikaingia chumbani nikafunga mlango.

Nikisema ukweli, mtoto wangu atajua kwamba baba yake ni mwongo aliyemponza kazini, na heshima yangu itakuwa imekwisha. Nikinyamaza, itakuja mashine nzima, isiyougua, na mimi nitabaki nayo. Wewe hujui nyumba hii ilivyo mchana, nasikia friji ikiunguruma na nafurahi kwamba kuna kitu kinatoa sauti. Niambie nifanye nini kabla ya Jumamosi.

Mwalimu, Nguba


MAMAN COLOMBE ANAJIBU

Mwalimu, nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka. Nina huruma nawe, tena nyingi, lakini utaipata baadaye. Kwanza tuongee juu ya ile réunion.

Umemtoa mtoto kazini akatibu ugonjwa uliouleta kwa mkono wako. Kazi siku hizi haziokotwi barabarani, na wewe uliyesomesha watoto wa watu unajua kupata moja kunachukua nini. Angekuwa mwanafunzi wako aliyefanya hivyo, ungemsimamisha mbele ya darasa. Na hata hiyo mashine ina kosa gani? Unaipandisha mpaka inashindwa kupumua, halafu unasema inaumwa. Siku moja processeur ingeungua kabisa, na hapo ungebaki bila simu na bila Sanctus. Hilo liishe leo.

Sasa nikuulize swali dogo. Fabiola anafanya kazi gani?

Nilikwenda kwa Ezéchiel, anayetunza kompyuta za gazeti letu, nikamuuliza kama mwendo wa processeur unaweza kupanda wenyewe baada ya mtu kuupanga. Alidhani namtania. Aliniambia mashine ikishindwa hurudi chini, na ukitoa pile husahau kila kitu na kurudi kiwango cha kiwanda, lakini namba uliyoipanga haipandi bila mkono wa mtu. Binti yako anajua hilo kama wewe unavyojua déclinaison ya kwanza, lile somo la mwanzo la latin. Aliona kwenye kioo namba ambayo hakuiacha yeye, na nyumbani kwako hakuna mtu mwingine. Ukaandika mwenyewe, kwa mkono wako, kwamba alinyamaza kidogo, halafu akasema muanze tena polepole. Mzee wangu, ulisomesha watu kutafsiri sentensi ngumu, na hii ikakupita.

Mtoto anajua. Amejua siku nyingi. Angetaka kukukomesha, angemtuma Placide aifunge setup kwa mot de passe, neno la siri usilolijua wewe, na usingeingia tena. Hakufanya hivyo. Anaziona namba na bado anakuomba umsomee moja moja. Unadhani alikuwa anazihitaji? Yeye naye amefiwa na mama, tena mama aliyekuwa akiongea naye kila siku, na mtoto naye kwetu hampigii baba simu bure. Mlizoea kuongea kupitia Christine, na alipoondoka mkaanza kuongea kupitia processeur. Sikatai kwamba ilisaidia. Lakini huko Lubumbashi pia kuna nyumba ya mtu mmoja, na mwenye nyumba hiyo ndiye aliyekuwa anakuuliza habari za koti.

Kwa nini basi anamtuma Placide? Kwa sababu mkubwa wake amembana, na mchana hawezi tena kutoka. Na hawezi kukuambia, "Papa, acha kudanganya, nipigie jioni," kwa sababu mlimlea vizuri, hilo ni neno ambalo mtoto hamwambii baba. Kukuletea mashine nzima ndiyo njia ya heshima aliyoiona. Amekuachia mlango, lakini wa kuufungua ni wewe, kwa sababu wewe ndiye mkubwa.

Kwa hiyo fanya hivi, na usinibadilishie. Ingia kwenye setup mara moja ya mwisho, urudishe kila kitu kwenye kiwango cha kiwanda. Nyimbo zitatoka polepole kidogo, na kwaya itangoja, haiendi popote. Mwambie Placide asilete mashine nyingine, ila Jumamosi aje vilevile, akusafishie vumbi la ndani, aweke pâte mpya ya kupoza joto juu ya processeur, halafu umkalishe mezani mle pamoja. Kijana ana furaha ya kuja kwako na wewe unamfungia mlango wa chumba.

Kisha mpigie Fabiola jioni, akiwa ametoka kazini. Usianze na mashine, na tafadhali usimuulize mvua. Mwambie kwamba ulikuwa unaiharibu wewe, na umwambie kwa nini. Muombe msamaha kwa ajili ya ile barua ya kazini. Unaogopa heshima itakwisha, lakini mficha uchi hazai, na sijaona bado baba aliyepungukiwa kwa kumwomba mtoto wake msamaha. Halafu mpange siku yenu, Jumapili baada ya misa kwa mfano, ili simu ikilia mtu asidhani kuna msiba. Jumapili za kwanza mtakosa la kusema, mtaulizana mlikula nini, na hiyo pia ni habari.

Na hao wanaovua kofia njiani, hebu siku moja uwaambie waingie ndani. Nyimbo za kwaya nazo usingoje uletewe nyumbani, nenda kwenye mazoezi, kaa kwenye kiti cha nyuma, uwasumbue.

Nimalizie kwa jambo moja. Umeniandikia mimi, mwanamke usiyemjua, ukurasa mzima wa jinsi unavyomkumbuka mtoto wako, na yeye hajasikia hata sentensi moja. Gazeti hili watu wanatumiana kwenye simu mpaka Lubumbashi, na walimu wa latin wenye kompyuta kaidi hapa Nguba si wengi. Mpigie leo, asiyasome kwangu kabla hajayasikia kwako.